Mama Celina Rutaihwa Anarudi Kitendaguro

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika Kituo cha Tulizo, Bukoba, Nesi Mshauri Mkuu Mama Celina Rutaihwa anastaafu rasmi. Kamati ya jarida iliniomba mimi, Ashish Kamlesh, Afisa Takwimu na Utawala, niandike wasifu wake kwa maneno yasiyozidi mia nane. Nimezidisha. Mtu aliyenisumbua kwa miaka kumi na minane siwezi kumuaga kwa maneno mia nane, na kamati ikikata chochote nitakuja kuuliza ni nani aliyekata.

Niseme mapema kwamba yote yaliyoandikwa hapa kumhusu, hata yale ya ugonjwa wake mwenyewe, nimeyaandika kwa ruhusa yake. Kwa kweli haikuwa ruhusa, ilikuwa amri. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ya adabu, imejaa "mchapakazi" na "mlezi wa wote". Aliirudisha imechorwa mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, na pembeni ameandika kwamba hiyo ni ya marehemu, naye bado yupo.

Basi, tuanze vizuri. Mama Celina alizaliwa mwaka 1965 karibu na Rubya, Wilaya ya Muleba, katika familia ya migomba na mibuni, mtoto wa nne kati ya tisa. Alisomea uuguzi, akaolewa na Mwalimu Protase Rutaihwa wa Kitendaguro, na mwaka 1994 akaajiriwa hapa. Kituo kilikuwa na vyumba viwili tu na paa lililovuja. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu waliopokea majibu ya vipimo vya UKIMWI, wakati ambao hapakuwa na dawa ya kuwapa. Alikuwa anakaa nao tu, saa nzima, wakati mwingine bila kusema neno. Wenzake wa siku hizo wanasema hapo ndipo alipojifunza kazi, na pia hapo ndipo alipopata tabia ya kutojaza fomu.

Daftari zake alizinunua dukani kwa baba yangu, Mzee Kamlesh. Kwa sababu hiyo, tangu niajiriwe mwaka 2007 hadi leo, ananiita "mtoto wa Kamlesh". Nina miaka arobaini na tisa na mvi za kutosha. Ameniita hivyo mbele ya wageni kutoka wizarani, mbele ya wafadhili, na mara moja kwenye kipaza sauti.

Mwaka 2015 kituo kilimpeleka Mwanza kusomea tiba ya kiwewe kwa mwendo wa macho. Kwa wasioifahamu: mgonjwa anaukumbuka ule mkasa unaomtesa, na wakati huohuo macho yake yanafuata kidole cha mtabibu kinachokwenda kushoto na kulia. Baada ya muda wanasimama, mgonjwa anasema ni kitu gani kimemjia, kisha wanaendelea. Taratibu, kumbukumbu ile hupungua makali. Haifutiki, ila mtu anaweza kuishi nayo. Aliporudi na kutueleza hayo kwenye mkutano wa wafanyakazi, nilidhani wamemdanganya. Sikuwa peke yangu niliyetazama dari.

Mwaka uliofuata, Jumamosi ile ya Septemba, saa tisa alasiri, tetemeko la ardhi likatukuta. Mama Celina alikuwa nyumbani Kitendaguro, chumbani kwake, anakunja nguo. Ukuta uliegemea mlango na mlango ukagoma kufunguka. Mwalimu Protase alikuwa msibani Muleba, na majirani wote walikuwa wamekimbilia barabarani. Aliita hadi sauti ikakauka. Walimtoa jua linazama, ana mchubuko mmoja kwenye kiwiko, na Jumatatu alikuwa kazini anawahudumia wengine.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo kituo kizima tulilijua na hakuna aliyelisema. Aliomba chumba katika nyumba za watumishi nyuma ya kituo, kwa muda, mpaka nyumba yake ijengwe upya. Nyumba ilijengwa upya mwaka 2018, imara, ina nguzo za zege, nimeiona. Yeye hakuhama. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda Kitendaguro, akakaa uani, akapika jikoni nje, na kabla ya jioni akarudi Nyumba Namba Tatu. Mwalimu Protase akawa anampokea mkewe kwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyopokewa mgeni. Mwalimu ni mpole. Mimi ningekuwa nimepiga kelele.

Na kwa kuwa nyumba za watumishi ni za watumishi, siku ya kustaafu ndiyo siku ya kurudisha ufunguo. Mwanamke aliyewatibu watu wa Bukoba na Muleba waliokuwa wanaogopa kuingia ndani ya nyumba zao, yeye mwenyewe hakuweza kulala ndani ya nyumba yake, na tarehe 30 Juni angekuwa hana kwingine pa kulala. Na barua ya kumtoa ataiandika nani? Mimi.

Nitarudi huko. Kwanza utafiti, kwa sababu utafiti ndio ulionizeesha.

Mwaka 2017 kituo kilianza kupima kama tiba hii inafaa kwa watu wetu. Daktari Julius, msimamizi wa utafiti, alileta mwongozo mnene. Mtabibu na mgonjwa wakae kwenye viti viwili vilivyoelekeana kidogo, kama watu wanaopishana njiani. Kidole kipite mbele ya macho. Usumbufu upimwe kwa namba, sifuri hadi kumi. Mgonjwa asaidiwe kuwazia mahali pa utulivu, na mwongozo ulikuwa na picha ya ufuko wenye mchanga mweupe. Mgonjwa wa kwanza kuonyeshwa picha hiyo alikuwa mjane ambaye mumewe alikufa maji ziwani. Mama Celina aliichana picha mbele yangu, nikalazimika kuandika maelezo ya upotevu wa nyenzo za utafiti.

Majalada ishirini na mawili ya kwanza, karibu yote ya akina mama, yalirudi na alama ile ile: hakufuata kidole. Daktari Julius aliandika kwamba wagonjwa wanakwepa kumbukumbu. Mimi niliingiza alama hiyo kwenye kompyuta mara ishirini na mbili, nikanywa chai.

Sasa nisikilizeni. Mimi nimezaliwa Bukoba. Nimekua nyuma ya kaunta ya duka nikiwatazama akina mama wa Kihaya wakipiga magoti kuwasalimia wakubwa, macho chini, kwa sababu kumkazia macho mkubwa ni kukosa malezi. Na kidole kinachochezeshwa mbele ya uso wa mtu mzima ni ugomvi. Yote hayo niliyajua, na bado sikuyafikiria hata dakika moja. Mama Celina aliingia ofisini, akatandaza majalada yote mezani juu ya chakula changu, akasema maneno ninayoyakumbuka vizuri: "Mtoto wa Kamlesh, hawa hawakwepi kitu. Hawa wamelelewa."

Kisha akafanya alivyotaka. Hakuomba kibali, hakuandika barua, hakuniambia. Aliondoa viti viwili, akaingiza benchi la varanda. Akamkalisha mgonjwa pembeni yake, bega kwa bega, wote wakiutazama ukuta. Badala ya kidole akachukua ubua wa tete, akaufunga kipande cha kitenge chekundu, akawa anaupitisha ukutani kushoto na kulia. Hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni. Macho yakafuata.

Wagonjwa walianza kupona, nami nikaanza kuumwa kichwa. Huwezi kubadilisha namna ya kutibu katikati ya utafiti kama unabadilisha kilemba. Niliandika barua kumi na moja kwa kamati ya maadili. Tulirudia kila kitu kuanzia mgonjwa wa kwanza, na kazi ya miaka miwili ikawa ya miaka sita.

Tena hakuishia hapo. Aligundua kwamba wagonjwa wakiulizwa usumbufu ni wa namba ngapi, wote wanajibu tano. Tano ni namba ya adabu, haimchoshi mwulizaji. Akaacha namba. Akawa anauliza: mzigo huo ungekuwa mkungu wa ndizi, nani angeubeba? Na kwenye fomu yangu, mahali palipochapishwa kisanduku kidogo cha tarakimu, akawa anaandika "wa kubebwa na mtu mmoja", "wa watu wawili kwa mti begani", na kwa wale walioumia zaidi, "wa kuachwa kibanjani", yaani shambani pale pale ulipokatwa. Kompyuta haijui mkungu. Nilitengeneza jedwali la kugeuza mikungu kuwa namba, likapitiwa na wataalamu watatu, na bado limebandikwa ukutani kwangu kwa yeyote anayetaka kuona namna mtu mzima anavyopoteza mwezi wa Agosti.

Haki yake nimpe. Ripoti ilikamilika mwaka 2023. Kati ya wagonjwa arobaini na wanne waliokaa kwenye benchi, thelathini na sita walimaliza wakiwa na mzigo ambao hata mtoto angeubeba. Daktari Julius aliisoma ripoti mbele ya wenzake Mwanza, akakiri hadharani kosa la majalada ishirini na mawili, na kukiita kile kipimo cha mikungu kwa jina la Celina. Kosa langu mimi halikutajwa, ndiyo maana nalitaja hapa. Yeye mwenyewe alikaa mstari wa nyuma, akalalamika njia nzima ya kurudi kwamba kwenye basi hawakutupatia maji.

Sasa turudi kwenye ufunguo.

Mwezi Machi nilimwandikia barua ya notisi ya miezi mitatu, kama utaratibu unavyotaka. Alijibu siku ya pili akiomba aongezewe muda kwa sababu paa la Kitendaguro linavuja. Nilipanda bodaboda, nikaenda, nikapanda juu ya paa mwenyewe huku Mwalimu Protase ameshika ngazi. Halivuji. Nilimwandikia. Akajibu kwamba nyumba ina unyevu na yeye ana kikohozi. Nimekaa jirani na ofisi yake miaka kumi na minane, sijawahi kumsikia akikohoa. Barua ya tatu ilisema kuna nyuki.

Aliyekuwa tayari kumtibu alikuwepo. Shamsia, nesi mwenye miaka thelathini na tatu kutoka Muleba, alifunzwa na Mama Celina mwenyewe kwa miaka minne na alipata cheti chake mwaka jana. Kabla ya hapo kulikuwa na mtaalamu Mwanza. Mama Celina aliweka miadi naye mara mbili, na mara zote mbili akarudi kabla basi halijatoka stendi. Nilipomwuliza, alisema wagonjwa ni wengi. Nilipomwonyesha ratiba ya siku hiyo, haina mgonjwa hata mmoja, akasema ratiba zangu zimekosewa. Hapo uvumilivu ulinishinda. Nilimwambia wazi kwamba nimechoka kusoma habari za nyuki, na kwamba Mwalimu Protase anazeeka akimpokea mgeni. Nilijuta hapo hapo. Yeye akatoka, na kesho yake jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wagonjwa wa Shamsia, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Siku ya kwanza alikaa upande wa mtabibu. Shamsia, kwa heshima, akakaa upande wa mgonjwa. Mama Celina alisahihisha mwendo wa ubua, akasahihisha sauti, akasahihisha hata namna ya kupumua, na mwishoni akampa Shamsia alama saba kwa kumi. Hapakuwa na tiba yoyote.

Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa upande unaotakiwa, lakini Shamsia alikuwa amepiga magoti kumsalimia, na baada ya salamu hakuweza tena kuyainua macho yake kumtazama. Alipitisha ubua ukutani mizunguko thelathini, kwa uangalifu wote aliofundishwa, akiangalia sakafu. Mama Celina alikuwa amefumba macho muda wote. Shamsia hakujua mpaka alipoambiwa na mgonjwa mwenyewe. Alikuja ofisini kwangu analia, anasema hawezi kumtibu mtu aliyemfundisha kushika ubua, na kwamba nimtafutie Mama mtu wa mbali. Ilikuwa tarehe 9 Mei. Nilihesabu siku zilizobaki kwenye kalenda, nikaona kwamba wa mbali hatapatikana. Nilimpa chai, na naona aibu kusema kwamba nilimwombea kwa Mungu huku nikiendelea kuandika barua ya kukumbushia ufunguo.

Kilichotokea siku ya tatu Mama Celina amenisimulia mwenyewe, mara nne, kila mara kwa majivuno zaidi. Aliingia, akamkuta Shamsia amesimama. Hakupiga magoti. Alimsalimia akiwa amesimama, akamtazama usoni, akasema, kwa neno la heshima la Kihaya: "Waitu Mama, leo mimi si mwanao. Leo mimi ni nesi. Kaa hapa, na nikikuuliza unijibu." Mama Celina anasema alishtuka hadi akageukia mlango. Katika miaka yake yote hakuna binti aliyewahi kumsalimia amesimama. Kisha akakaa.

Shamsia akamwuliza mkungu wake ungebebwa na nani. Lilikuwa swali lile lile ambalo Mama mwenyewe aliwauliza mamia ya watu. Akasema ni wa kuachwa kibanjani, akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza tangu 2016 akasimulia habari ya mlango. Si tetemeko lililokuwa linamtesa. Ni kule kuita na kusikia sauti za watu barabarani, wakiitana majina, wakihesabiana, na jina lake halimo. Walikwenda hivyo mara tano, wiki hadi wiki. Mkungu ukawa wa watu wawili, ukawa wa mtu mmoja. Jumapili akaanza kuingia sebuleni mchana, kisha chumbani, kisha chumbani mlango ukiwa umerudishwa nusu, Mwalimu Protase amekaa upande wa pili anasoma gazeti kwa sauti ili asikike yupo.

Lakini kulala, hapana. Hadi tarehe 13 Juni alikuwa bado anarudi Nyumba Namba Tatu kila jioni, na mimi nilikuwa nimeshaandaa barua ya nne, ambayo sikuwa na moyo wa kuipeleka.

Jumatatu, tarehe 16 Juni, saa moja asubuhi, Mama Celina hakuwepo. Saa mbili hakuwepo. Nyumba Namba Tatu ilikuwa imefungwa, na taa haikuwa imewashwa tangu juzi yake. Katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kuchelewa, hata wiki ile ya tetemeko. Wagonjwa walikuwa wamejaa barazani, Shamsia ananitazama, simu ya Mama haipatikani. Niliogopa. Nilipiga namba ya Mwalimu Protase, nayo haikupatikana.

Saa nne kasoro dakika ishirini alishuka kwenye bodaboda pale getini, kilemba kimekaa upande, alama ya mto wa kulalia bado iko shavuni. Nilikuwa mlangoni na daftari la mahudhurio mkononi, na hasira zangu zote zikiwa tayari. Akaniambia kwamba jana alilala nyumbani. Chumbani. Mwalimu alifunga mlango, yeye akamwambia aufunge vizuri, na kilichofuata alichokiona ni jua dirishani. Mwalimu alikuwa ameamka tangu alfajiri, amezima simu zote mbili na yuko uani anafukuza majogoo. Mama Celina alipomlaumu kwa nini hakumwamsha, Mwalimu alijibu kwamba yeye amesubiri miaka minane na miezi tisa, na kituo kinaweza kusubiri saa mbili.

Niliandika kwenye daftari kama kanuni inavyosema: amechelewa, saa mbili na dakika arobaini, sababu usingizi. Nikamwomba asaini. Kisha nikaingia stoo ya vifaa vya ofisi nikalia, na yeyote aliyenisikia akajidai amesikia kitu kingine, namshukuru.

Mama Celina, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tulizo, wa Bukoba na wa kliniki ya Muleba, asante. Asante kwa wale uliokaa nao wakati hapakuwa na dawa, na kwa wale waliorudi ndani ya nyumba zao kwa sababu yako. Umetuchosha, hasa mimi, na sijui Jumanne ya tarehe 1 Julai nitamfokea nani. Mwalimu Protase, mke wako tunakurudishia, samahani kwa kumkawiza.

Tunakutakia, Mama, asubuhi nyingi za kuchelewa.